Mama Kidevu na Lenzi ya Hamsini

Kwa miaka ishirini na saba mwanamke huyu alipiga picha za pasipoti na vitambulisho, na katika miaka yote hiyo maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko mengine yalikuwa matatu tu: "Kidevu chini kidogo." Aliwaambia mahakimu, aliwaambia wauza nyanya, aliwaambia hata watoto wachanga ambao shingo zao zilikuwa bado hazijakaza. Ndipo watu wakamwita Mama Kidevu. Jina likamkaa vizuri kama gauni la fundi mzuri, na yeye mwenyewe akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha mlangoni, kwa sababu aliona kugombana nalo ni kujichosha bure.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabomba na koki. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka, pazia jeupe, flashi mbili zilizovishwa miavuli, kioo cha kujitazamia, na kitana kilichofungwa kwa mnyororo baada ya vitana vinne kuota miguu.

Mwaka alipotimiza miaka hamsini na mmoja, ofisi za vitambulisho zilianza kuwapiga watu picha zenyewe, pale pale dirishani. Foleni ya Mama Kidevu ikakatika kama uzi. Majirani wakamwonea huruma, na mwenye duka la mabomba akapanda ngazi kumshauri ageuze chumba kiwe saluni. Yeye wala hakutetereka.

"Miaka yote nimewapiga watu picha ili askari wa mpakani awatambue," alimwambia mdogo wake wa kiume. "Sasa nitawapiga ili wao wenyewe wajione. Kwani hiyo si kazi?"

Mdogo wake naye alikuwa mpiga picha, lakini wa harusi, mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno yanayong'aa zaidi. Alikuwa na lenzi moja aliyoipenda kupita kiasi, ya milimita themanini na tano, na kila alipoulizwa jambo lolote la picha, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Bibi harusi ana kidevu cha pili? Themanini na tano. Ukumbi una mapazia mabaya? Themanini na tano. Dada yake akaamua kumwita kwa jina hilo, tena mbele za wateja, naye badala ya kukasirika akaona amevishwa cheo.

Kazi ya kwanza ya maisha mapya ya Mama Kidevu ilipanda ngazi yenyewe. Mwenye kiwanda cha mikate cha mtaa wa nyuma, mama mmoja mpana mwenye sauti nyembamba, alikuja akitweta akakaa kwenye kiti cha kuzunguka na kuanza kuzunguka nacho bila kujijua. Alisema tanuri lake la matofali, lililojengwa na baba yake, lingebomolewa baada ya mwezi mmoja, na mahali pake paje tanuri la umeme. Alitaka picha za wafanyakazi wake wote kumi na mmoja, kila mtu peke yake, mahali pake pa kazi, uso na mikono vionekane, azitundike ukutani dukani.

"Ila wasionekane kama wamekamatwa na polisi," alimalizia.

Mama Kidevu alicheka, ingawa alijua limemgusa. "Utaona mwenyewe," alisema. "Nitakuja kesho kujaribu."

Kesho yake mchana akaenda na kamera, lenzi yake ya siku zote ya kuvuta mbali na karibu, na flashi zote mbili. Kiwanda kilikuwa chumba kirefu chembamba. Upande mmoja meza ya kukandia, upande wa pili tanuri, na katikati njia ya hatua mbili tu, ambamo watu walipishana na sinia za moto wakipiga kelele "Nyuma! Nyuma!" bila kutazamana. Hewa yenyewe ilikuwa nyeupe. Alimsimamisha mkandaji, kijana mmoja mwenye mabega mapana, akapiga. Alipotazama kioo cha kamera akakunja uso. Kila chembe ya unga iliyokuwa ikielea hewani ilikuwa imenasa mwanga wa flashi na kugeuka doa jeupe. Mkandaji wa watu alionekana kama amesimama katikati ya kundi la nondo.

Alihamisha taa huku, akazihamisha kule. Nondo walibaki pale pale.

Kisha ikaja zamu ya Mzee wa Tanuri. Huyu alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini na minane kati ya hiyo aliitumia mbele ya mlango ule wa chuma, akiingiza na kutoa mikate kwa koleo refu la mbao. Tanuri likiondoka na yeye angeondoka, astaafu. Mama Kidevu alimpiga picha tisa. Zote tisa, macho yamefumba.

"Usijisumbue, mama," mzee alisema. "Mimi na huo mwanga wako hatupatani. Picha yangu ya ndoa, nimefumba. Siku binti yangu anahitimu, nimefumba. Wajukuu zangu wanadhani babu yao analala akiwa amesimama."

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Mkandaji akaigiza mtu anayekoroma wima. Mzee naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, lakini Mama Kidevu, aliyetazama nyuso za watu kwa robo karne na ushei, aliona kwamba kicheko kilipoisha mzee alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika kufutwa.

Alikaa kando, juu ya gunia la unga, akamtazama akifanya kazi. Baada ya dakika chache akaelewa. Kila mlango wa tanuri ulipofunguliwa, joto lilitoka kwa ghafla kama kofi, na mzee alifumba macho kabla halijamfikia. Miaka thelathini na minane! Macho yake yalikuwa yamejifunza kujilinda na kila kitu kinachokuja ghafla, na flashi ilikuwa kofi jingine tu. Kumwambia asifumbe ilikuwa sawa na kumwambia asipige chafya.

Basi flashi zirudi nyumbani. Hilo alilikata pale pale, juu ya gunia. Lakini alipopiga bila flashi, kwa mwanga wa dirisha moja la juu na balbu mbili za njano, lenzi yake ya kuvuta haikuweza. Tundu lake lilikuwa dogo. Mwanga ulioingia haukutosha, na kila mkono uliosogea ulitoka kama moshi. Alihitaji lenzi ya tundu kubwa, na lenzi za namna hiyo, kwa kawaida, hazivuti. Zina urefu mmoja tu, na ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unamsogelea kwa miguu yako.

"Themanini na tano," alisema mdogo wake jioni ile, kabla hata hajamaliza kusikiliza.

"Nilijua."

"Dada, nakuambia kama mtu wa kazi. Picha ya uso ni themanini na tano. Ulimwengu mzima unajua."

"Ulimwengu mzima haujasimama kwenye ile njia ya hatua mbili," alisema Mama Kidevu. "Kesho tunakwenda wote kwa Kioo. Na viatu hivyo vibaki nyumbani."

Kioo alikuwa fundi wa kamera, muuzaji wa lenzi zilizokwisha kutumika, mwembamba kama stendi zake mwenyewe. Duka lake halikuzidi upana wa mlango wa gereji, na lenzi zilipangwa kwenye rafu kama chupa za dawa. Mtu huyu alijua kazi yake, hilo hakuna aliyebisha, lakini ulimi wake nao ulikuwa umepakwa asali.

"Dada yangu! Msanii mkubwa! Mimi nasema kila siku, mtaa huu una mpiga picha mmoja tu."

"Hicho kilemba cha ukoka mvishe mdogo wangu, ndiye anayevipenda," alijibu Mama Kidevu. "Nionyeshe lenzi zisizovuta. Za tundu kubwa."

Kioo akashusha nne juu ya kitambaa cheusi. Ya thelathini na tano. Ya hamsini yenye tundu la moja nukta nne. Ya hamsini nyingine, nene na nzito, tundu lake moja nukta mbili. Na ya themanini na tano, ambayo mdogo mtu aliinyanyua kama anayempokea mtoto kutoka kliniki.

"Kumbuka, dada yangu," alisema Kioo, "hapa hesabu imegeuka. Namba ndogo, tundu kubwa. Hii ya moja nukta mbili inaona gizani kama paka."

Mama Kidevu hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alitoa tochi ndogo mkobani, akamulika kila lenzi kwa nyuma akitafuta ukungu, ule unaoota ndani ya kioo kama nyuzi za buibui. Aliitikisa moja moja sikioni. Alifungua na kufunga tundu lake akiangalia kama vipande vyake vya chuma vina mafuta. Akatandaza gazeti juu ya meza, akalipiga picha kwa upande, kuona kama mstari alioulenga ndio uliotoka wazi au ni wa jirani yake. Kioo akaacha kumsifu, akaanza kumheshimu.

"Sasa naondoka nazo zote nne," alisema.

"Zote?"

"Saa mbili tu. Kamera yangu ya pili inabaki kwako. Lenzi hainunuliwi mlangoni penye jua, fundi. Hapa hata kitako cha chupa ya soda kingetoa picha."

Kioo alikuna kisogo, akatazama kamera ya rehani, akatoa mfuko.

Kule kiwandani walianza na themanini na tano, kwa heshima ya mdogo wake. Mama Kidevu alimweka mkandaji mezani, akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo wake ukagusa rafu ya sinia. Kwenye kamera aliona paji la uso, pua, kidevu, na kola ya shati. Uso ulikuwa mzuri ajabu, hakuna ubishi. Lakini mikono haikuwemo, wala donge, wala meza.

"Rudi nyuma kidogo tu, dada," alisema mdogo wake.

"Nirudi wapi tena? Niingie ndani ya mkate?"

Wakandaji wakaangua kicheko. Akachukua ile ya thelathini na tano. Sasa kila kitu kiliingia: mikono, meza, hata ndoo za chachu na kalenda ya ukutani. Ili kuviondoa vile visivyotakiwa ilibidi amsogelee kijana wa watu mpaka karibu wagongane vichwa, na kwa ukaribu huo pua yake ikavimba kwenye picha na masikio yakarudi nyuma.

"Mama," alisema mkandaji alipoonyeshwa, "hii pua mmeniazima wapi?"

Ikabaki hamsini. Alisimama katikati ya njia, hatua mbili kutoka mezani, na picha ikajipanga yenyewe: kichwa juu, donge na mikono chini, na hakuna cha zaidi. Akaitoa hiyo ya moja nukta nne, akaweka ile nene ya moja nukta mbili, akafungua tundu mpaka mwisho, akapiga. Alipokuza picha kwenye kioo cha kamera aliona kope za mkandaji moja moja, wazi kabisa, na nyuma ya kope jicho lenyewe lilikuwa limeanza kuyeyuka. Pua ilikuwa ukungu. Mikono haikujulikana kama ni mikono au mikate.

"Ona ukungu huo wa nyuma ulivyo laini," mdogo wake alinong'ona kwa mahaba.

"Naona. Lakini huyu mtu amekanda unga miaka kumi na mmoja, na wewe unataka nimpige kope."

Akarudi kwenye ile ya moja nukta nne, akaibana mpaka namba mbili. Macho yote mawili yakatoka wazi, midomo ikatoka, mikono ikalainika kidogo tu lakini ikabaki mikono. Na mwanga ulioingia ulikuwa mara nne ya ule wa lenzi yake ya kuvuta. Unga uliokuwa ukielea hewani haukuonekana tena kama nondo. Ulikuwa umegeuka mwanga mwembamba uliomzunguka kijana mabegani.

"Ni hii," alisema.

"Dada, kwa picha za uso..."

"Mdogo wangu. Wewe ukumbini una mita kumi za kurudi nyuma. Lenzi yako ni nzuri, na ungeiacha ungekosea. Mimi nina hatua mbili na watu kumi na mmoja wenye mikono. Nimechagua."

Mdogo mtu akaitazama tena picha, akairudisha themanini na tano mfukoni kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mtu wa aina yake hayo yalikuwa mapinduzi.

Waliporudi dukani, Kioo alijaribu mara ya mwisho kuisukuma ile nene. Alisema kila bingwa anayo. Mama Kidevu akamwambia vizuri, basi mabingwa hawataikosa, akalipia lenzi yake ya hamsini, akachukua kamera yake ya rehani, akaenda.

Siku ya kazi alifika mapema mchana. Kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa ngazi, ndoo ya maji ya sabuni na matambara. Dirisha la juu lilikuwa na tabaka la unga la miaka mingi. Alipanda mwenyewe, akasugua vioo sita kimoja kimoja, na kila kioo kilipofunguka chumba kilibadilika rangi, watu wakiinua vichwa bila kuacha kazi. Mwenye kiwanda alisimama mlangoni akashangaa ukuta wake kumbe ni wa kijani.

Kisha akaanza. Hakumwambia mtu asimame wala atabasamu. Aliwaacha wafanye kazi, akangoja kila mmoja ageukie dirisha kwa shughuli zake, akapiga. Saa ya kwanza wengi walikaza shingo. Saa ya pili walimsahau, akawa mtu mwingine tu wa kupigiwa kelele: "Nyuma, Mama Kidevu! Nyuma!" Naye akajibana ukutani sinia zikapita.

Mzee wa Tanuri alimwacha mwisho. Mzee alikuwa amevaa shati safi chini ya aproni, kola imepigwa pasi. Alisimama kando ya mlango wa chuma, koleo mkononi, uso umekaza, anangoja kofi.

"Nikuulize, mzee," alisema Mama Kidevu. "Unajuaje mkate umeiva bila kuutoa?"

"Kwa harufu," alijibu mzee. "Ya kwanza ni ya chachu, hiyo bado. Halafu inakuja ya sukari. Ikija ile ya njugu, una dakika mbili. Ukizembea dakika ya tatu, umewapikia mbuzi." Akainua pua. "Hii sasa ni ya sukari. Subiri." Alisikiliza kwa pua, macho yakitazama dirishani, mbali, yakiwa na utulivu wa mtu aliyeko kwake. Yalikuwa macho ya rangi ya kahawia iliyopauka, yenye mikunjo mingi pembeni, na mwanga wa vioo vilivyosuguliwa ulisimama ndani yake kama vijidirisha viwili. Mama Kidevu alilenga jicho la karibu, pumzi ameibana, kidole chake kikashuka taratibu tena na tena. Kamera ilitoa sauti ndogo ambayo kelele za sinia ziliimeza.

"Baba yake huyu bosi ndiye aliyenifundisha," mzee aliendelea. "Alinifunga kitambaa machoni wiki nzima." Kisha akakumbuka kwamba anapigwa picha, akakaza tena shingo. "Haya, mama. Piga basi, niko tayari."

"Nimeshapiga."

"Lini?"

"Tangu harufu ya sukari. Picha arobaini."

Mzee alimtazama kama anayechezewa shere. Mama Kidevu akamgeuzia kamera. Mzee akainamisha kichwa, akasogeza uso karibu, akarudisha nyuma, akasogeza tena. Mkandaji na wenzake wakaja kuchungulia juu ya mabega yake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyefanya mzaha.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona nafanana na kaka yangu marehemu?" Halafu akashtuka, akanusa, akapiga kelele, "Njugu!" na mlango wa tanuri ukafunguliwa, joto likatoka, na macho yake yakafumba kama kawaida yao.

Picha kumi na moja zilitundikwa dukani wiki mbili baadaye, kubwa, za rangi ya asili, kwenye fremu nyembamba nyeusi. Wateja walichelewa kuchukua mikate. Mkandaji alimleta mama yake, mama yake akaleta dada zake. Mwenye kiwanda alisimama mbele ya ukuta ule kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, akasema hakuwahi kujua mpakiaji wake mmoja ana uso wa jaji. Kutoka ukutani pale ngazi za studio zilianza kulia tena: fundi viatu alitaka picha akiwa kazini, wauguzi watatu walitaka picha kabla hawajahamishwa, na shule moja ikataka walimu wake wote. Mama Kidevu alizishusha flashi kutoka kwenye stendi akazifunga kwenye sanduku, akalivua pazia jeupe, akasogeza kiti karibu na dirisha. Kila alipoingia mahali papya alipima kwanza nafasi kwa miguu, na mara mbili aliazima themanini na tano ya mdogo wake, kwa sababu ukumbi uliitaka, na hakuona haya kuiazima.

Baada ya tanuri kubomolewa na mzee kustaafu, alikuja mkewe. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani ya fremu nzito, alipanda ngazi bila kupumzika hata mara moja, akatazama chumba chote, akaketi dirishani kabla hajakaribishwa.

"Karibu, dada," alisema Mama Kidevu. "Mzee hajambo? Anapanda?"

"Nimemwacha nyumbani anaikagua picha yake. Kila mgeni lazima aonyeshwe. Juzi kamwonyesha mtu wa kusoma mita." Aliweka mkoba wake sakafuni, akanyoosha mgongo. "Mimi nataka yangu peke yangu. Kubwa kama ile. Miaka arobaini napigwa picha pembeni ya mtu aliyefumba macho, kila mtu anamtazama yeye wanacheka. Mimi hakuna anayeniona."

Mama Kidevu aliifungua kamera, akaweka hamsini, akavuta stuli hatua mbili kutoka kwake.

"Miwani niitoe au nibaki nayo?" aliuliza mwanamke.

"Baki nayo."

"Vizuri," alisema, akiisukuma juu ya pua kwa kidole kimoja. "Maana sikuwa na nia ya kuitoa."